Giza Lenye Sababu: Mafunzo Niliyopata Katika Filamu ya Akira

Wapenzi wengi wa katuni za Kijapani ninaowafahamu waliingia kupitia mlango wenye mwanga: Dragon Ball, Naruto, Pokémon. Mimi niliingia kupitia Akira, filamu ya Katsuhiro Otomo iliyotoka Japani tarehe 16 Julai 1988, ambamo mji mzima unateketea kabla mtazamaji hajaona sura ya mtu hata mmoja. Niliitazama nikiwa chuoni Dar es Salaam, chumbani kwa rafiki aliyekuja nayo kwenye flashi. Ilipokwisha sikutaka kuzungumza na mtu. Nilitaka kuirudia.

Kwa ambaye hajaiona, kisa ni hiki. Tokyo imesambaratishwa na mlipuko, Vita vya Tatu vya Dunia vimepita, na mwaka 2019 mji mpya uitwao Neo-Tokyo umesimama juu ya ghuba. Ni mji wa maghorofa yanayong'aa, rushwa, maandamano na magenge ya vijana wa pikipiki. Kaneda na Tetsuo ni marafiki wa tangu utotoni, wanachama wa genge moja. Usiku mmoja Tetsuo anagongana na mtoto mwenye uso wa kizee aliyetoroshwa kutoka maabara ya jeshi. Jeshi linamchukua Tetsuo, linampima, na linagundua kwamba ndani yake kuna nguvu ya akili ambayo hakuna anayeweza kuizuia, Tetsuo mwenyewe akiwamo.

Filamu hii inatisha, na sitamdanganya mtu kuhusu hilo. Lakini kila nilipoirudia niliona kwamba giza lake halikupakwa ili kuwashtua watu. Lina historia nyuma yake, lina jasho la mamia ya wachoraji, na lina huruma kubwa kwa vijana. Haya ndiyo mafunzo niliyopata.

1. Katuni ni namna ya kusimulia, na kila rika lina hadithi zake

Kwetu katuni hupangiwa saa za watoto kwenye televisheni, asubuhi ya Jumamosi au jioni baada ya shule. Japani mambo yako tofauti. Hadithi za picha, yaani manga, huchapishwa katika majarida yanayolenga rika mbalimbali: wavulana wadogo, wasichana, vijana, watu wazima wenye kazi na familia. Akira ilianza Desemba 1982 katika Young Magazine, jarida la kampuni ya Kodansha kwa ajili ya vijana waliokwisha kukua, na ikaendelea hadi 1990. Ilipokusanywa ilijaza vitabu sita vinene, kurasa zaidi ya elfu mbili.

Otomo hakuwa mgeni wa hadithi nzito. Kabla ya Akira aliandika na kuchora Domu, kisa cha jengo la makazi ya watu wa kawaida ambamo mzee mwenye nguvu za ajabu anaua majirani zake, na mtoto wa kike anasimama kupambana naye. Kitabu hicho kilipata tuzo ya Nihon SF Taisho, tuzo ambayo kabla yake haikuwa imewahi kwenda kwa hadithi ya picha.

Kulijua hili kulinipa kipimo kipya. Mtu akiniambia leo kwamba fulani anatazama katuni, nauliza katuni gani, ya nani, na inasema nini, kama ambavyo ningeuliza kuhusu riwaya. Na kwa wazazi nasema wazi: Akira si ya watoto. Ina damu, ina dawa za kulevya, ina tukio la msichana kushambuliwa barabarani. Itazame kwanza mwenyewe.

2. Uzuri wa namna hii hulipiwa kwa kazi

Dakika za mwanzo za pikipiki zikikimbizana usiku zilinishika kabla sijajua chochote kuhusu jinsi zilivyotengenezwa. Taa za nyuma zinaacha mikia myekundu hewani. Vioo vya maghorofa vinaakisi mwanga. Moshi, vumbi, cheche za chuma kwenye lami, vyote vinakwenda kwa mwendo wake.

Baadaye nilisoma jinsi kazi ilivyofanyika, na heshima yangu ikaongezeka. Wakati ule kila taswira ilichorwa kwa mkono, ikahamishiwa kwenye karatasi angavu ya plastiki, ikapakwa rangi upande wa nyuma, kisha ikawekwa juu ya mandhari iliyochorwa na kupigwa picha. Akira ilitumia karatasi hizo zaidi ya 160,000. Rangi zilizotumika zilikuwa 327, na baadhi zilichanganywa mahususi kwa ajili ya filamu hii, kwa sababu sehemu kubwa ya kisa hutokea usiku. Watengenezaji wengi wa katuni walikuwa wakiukwepa usiku, maana usiku unadai aina nyingi za buluu, kijani na nyekundu iliyofifia, na kila rangi ni gharama. Otomo aliuchagua kwa makusudi.

Ukubwa wa uamuzi huo unaonekana ukikumbuka ilikotoka sanaa yenyewe. Tarehe 1 Januari 1963 Osamu Tezuka alianza kurusha Astro Boy kwenye televisheni ya Japani, kipindi kipya kila wiki. Ili kumudu muda na fedha, watu wake walibana michoro: mwili unatulia, mdomo peke yake unacheza, picha moja inatumika tena na tena. Njia hiyo ndiyo iliyoiwezesha sekta nzima kuishi, na wasanii wengi wakubwa wamefanya maajabu nayo. Otomo na wenzake walikwenda upande wa pili. Walirekodi sauti za waigizaji kwanza, jambo lililokuwa nadra Japani, ndipo wachoraji wakachora midomo ifuate maneno. Kompyuta ilitumika mahali pachache sana.

Nilichojifunza ni kuiheshimu subira. Filamu yenye kasi kuliko zote nilizowahi kuona ilitengenezwa na watu waliokaa mezani, mchoro baada ya mchoro, mpaka sekunde moja ikamilike.

3. Mlipuko wa kwanza una majina na tarehe

Filamu inaanza kimya. Tunauona mji kutoka juu, kisha duara jeupe linachomoza katikati yake na kukua mpaka linameza kila kitu. Hakuna kelele wala kilio. Tarehe inayoandikwa ni 16 Julai 1988, siku ileile watu wa Tokyo walipokuwa wakiingia kwenye majumba ya sinema kuitazama.

Mjapani wa rika lolote anajua duara lile linatoka wapi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945 ndege za Marekani ziliangusha mabomu ya moto juu ya Tokyo na kuua watu wapatao 100,000 kwa usiku mmoja. Tarehe 6 Agosti bomu la atomiki liliangushwa Hiroshima, na tarehe 9 Agosti jingine likaangushwa Nagasaki. Otomo alizaliwa mwaka 1954 katika mkoa wa Miyagi. Mwaka huohuo, mwezi Machi, Marekani ilifanya jaribio la bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, na majivu yake yakawaangukia wavuvi 23 wa meli ya Kijapani Daigo Fukuryu Maru. Mwezi Novemba filamu ya kwanza ya Godzilla ikatoka. Kizazi chake kilikua juu ya vifusi vilivyokwisha kufagiliwa, kikisikia habari za moto ambao hakikuuona kwa macho.

Niliwahi kumsimulia mwanzo wa filamu hii mzee mmoja wa Likasi, Kongo, aliyekuwa akiishi Kigoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, jiwe la bomu lile lilichimbwa kwetu." Alisema kweli. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa Marekani wa kutengeneza mabomu ya atomiki ilitoka katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, si mbali na Likasi. Mgodi ulikuwa wa kampuni ya Union Minière chini ya ukoloni wa Wabelgiji. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani elfu moja za mawe hayo hadi New York, na huko ndiko jeshi la Marekani lilikoyakuta. Waliochimba na kubeba walikuwa Wakongo, wengi wao katika eneo ambako Kiswahili ndiyo lugha ya mgodini na sokoni. Hawakuambiwa walichokuwa wakikibeba.

Tangu siku ile sijaweza kulitazama lile duara jeupe kama jambo la mbali. Historia ya bomu ina mkono wa Afrika ndani yake, mkono uliolazimishwa. Anayedhani kwamba filamu ya Kijapani kuhusu mlipuko haituhusu, na aanzie Shinkolobwe.

4. Kujenga haraka juu ya jeraha si kuliponya

Katika filamu, Neo-Tokyo inajiandaa kwa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2020. Uwanja unajengwa, na bango linahesabu siku zilizobaki: 147. Chini ya uwanja huo huo, ndani ya chumba cha baridi kali, jeshi limeficha siri ya mlipuko ulioua mji wa zamani. Juu zinapangwa sherehe, na chini kimefichwa kilichobaki cha Akira, mtoto wa maabara ambaye filamu imepewa jina lake.

Mwaka 2013 Tokyo halisi ilipewa Olimpiki ya 2020, na Machi 2020 michezo ikaahirishwa kwa mwaka mmoja kwa sababu ya UVIKO-19. Watu walishangaa sana, wakaanza kumwita Otomo nabii. Mimi naona alifanya jambo lenye manufaa zaidi kuliko utabiri: alitazama nyuma kwa makini. Oktoba 1964 Tokyo iliandaa Olimpiki ili kuionyesha dunia kwamba imesimama tena. Treni ya kasi ya Shinkansen ilizinduliwa siku chache kabla ya ufunguzi, barabara za juu zikajengwa, mitaa ya zamani ikavunjwa. Ilikuwa fahari ya kweli. Lakini miaka hiyo pia ilikuwa ya hasira: maandamano makubwa ya 1960 dhidi ya mkataba wa ulinzi na Marekani, na wanafunzi waliopambana na polisi mwaka 1968 na 1969 hadi ndani ya Chuo Kikuu cha Tokyo. Miaka ya 1970 yakafuata magenge ya vijana wa pikipiki, bosozoku, yaliyozitisha barabara za usiku.

Otomo aliyaweka yote hayo katika mji mmoja. Ndiyo maana barabara zake zinaaminika. Wanafunzi wanaandamana, polisi wanafyatua mabomu ya machozi, wahubiri wanatangaza mwisho wa dunia, wanasiasa wanagombana kuhusu bajeti, na kila mtu anapita juu ya jambo ambalo hakuna anayetaka kulitaja. Nilijifunza kuutazama mji wowote kwa swali hilo: chini ya jengo hili kumezikwa nini, na nani aliamua tusiambiwe?

5. Nguvu ikimfikia mtoto kabla ya malezi, wote huumia

Hapa ndipo moyo wa filamu ulipo, na hapa ndipo iliponibadilisha.

Tetsuo hakuzaliwa muovu. Yeye na Kaneda walikutana wakiwa watoto katika nyumba ya kulelea watoto. Tetsuo alikuwa mdogo, mnyonge, wa kunyang'anywa vitu vya kuchezea. Kaneda ndiye aliyemtetea. Walipokua, Kaneda akawa kiongozi wa genge, mwenye ile pikipiki nyekundu inayotamaniwa na kila mtu, na Tetsuo akabaki yule wa kuokolewa. Kila msaada aliopewa ulimkumbusha udogo wake. Anapopata nguvu, jambo la kwanza analolitaka ni kuonyesha kwamba sasa hahitaji kuokolewa na mtu.

Wazee wetu walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Utazame ulimwengu uliomfunza Tetsuo. Shuleni mwalimu anawapanga wanafunzi mstari na kuwapiga ngumi. Kituoni polisi wanawatupia maneno ya dharau. Hospitalini madaktari wanamchunguza ubongo bila kumweleza wanachokifanya. Hakuna hata mmoja kati ya watu hao anayeketi naye kumuuliza anaumwa wapi. Kisha kijana huyo anapoutikisa mji, wote wanashangaa alikotoa hasira.

Watoto watatu wa maabara, Kiyoko, Takashi na Masaru, wanaliongezea jambo hili uzito. Nyuso zao zimezeeka ilhali miili yao ni midogo, na viganjani mwao kuna namba: 25, 26 na 27. Akira alikuwa namba 28. Namba hiyo Otomo hakuiokota tu. Mwaka 1956 Mitsuteru Yokoyama alianza kuchora Tetsujin 28-go, hadithi ya roboti kubwa lililobuniwa kuwa silaha ya siri ya jeshi la Japani wakati wa vita, na baada ya vita likaangukia mikononi mwa mvulana mwema aitwaye Shotaro Kaneda. Watoto wa Japani waliipenda hadithi ile kwa sababu ilibeba tumaini: silaha ya baba zao imekuwa chombo cha haki mkononi mwa mtoto. Otomo, aliyekua katika miaka ya hadithi hiyo, alichukua jina la Kaneda na namba 28, kisha akauliza swali zito zaidi. Itakuwaje kama silaha yenyewe ni mtoto?

Jibu lake limo katika mwili wa Tetsuo. Nguvu inamzidi, nyama inavimba na kumtoka mikononi mwake, inameza chuma na nyaya, inameza hata msichana anayempenda. Ni tukio gumu kulitazama. Lakini usikilize wakati huo anaita nini. Anaita Kaneda. Chini ya maangamizi yote bado yuko mtoto anayemwita yule mmoja aliyewahi kumrudishia kitu chake cha kuchezea.

Nimefundisha vijana kwa muda sasa. Ninapokutana na mwenye hasira, filamu hii inanikumbusha kutafuta kwanza nani alimdharau, na nani aliwahi kumtetea.

6. Wanaoshika hatamu ni watu, na hilo linaogofya zaidi

Filamu ndogo ingetupa jemadari katili na kumaliza kazi. Akira inatupa Kanali Shikishima. Anaamini nidhamu, anaudharau mji uliolewa starehe, anaipindua serikali na kuwakamata mawaziri. Wakati huohuo ndiye mtu mzima anayezungumza na wale watoto wenye nyuso za wazee kwa upole, anayewajali mpaka mwisho. Dokta Onishi, mwanasayansi, si mkatili. Ana udadisi usio na breki, na mbele ya vipimo vipya anasahau hatari. Nezu, mwanasiasa anayewafadhili wapinzani kwa siri, anasema maneno ya ukombozi huku akijitafutia nafasi.

Hakuna kati yao anayekusudia kuuangamiza mji. Kila mmoja anafanya kazi yake kwa sababu anazoweza kuzieleza, na jumla ya kazi zao ni maangamizi. Nimeona hilo ni somo la siasa lililo bora kuliko hotuba nyingi nilizozisikia.

7. Tazama kwa masikio pia

Muziki wa Akira ulifanywa na Geinoh Yamashirogumi, kundi lililoanzishwa na Tsutomu Ohashi, ambaye kama mtunzi hujiita Shoji Yamashiro. Wanachama wake walikuwa watu wa kazi mbalimbali, wengi wao si wanamuziki wa kulipwa. Walichukua ala za mianzi za jegog kutoka Bali, wakazichanganya na nyimbo za ibada za Kibudha, uimbaji wa tamthilia za kale za noh, pumzi, vikohozi na ngoma nzito. Katika mbio za pikipiki mianzi ile inagonga kama mvua ya ghafla juu ya bati. Tunauona mji wa kesho, na masikioni mwetu sauti ni za kijijini na za hekaluni.

Kwa sababu hiyo nawaomba watazamaji wa kwetu jambo moja. Tuna utamaduni mzuri wa filamu zinazotafsiriwa kwa sauti ya msimuliaji, Tanzania na Kenya, na wasimuliaji kama DJ Afro wamewafanya maelfu wapende sinema ambazo zisingewafikia. Furahieni hilo. Ila Akira itazameni kwa sauti zake za Kijapani, mkisoma tafsiri chini ya picha, kwenye spika nzuri ikiwezekana. Ukiufunika muziki ule umeifunika nusu ya filamu.

8. Kutoelewa yote mara ya kwanza ni sehemu ya safari

Watu wengi humaliza kuitazama Akira wakiwa na maswali, hasa kuhusu dakika zake za mwisho. Kuna sababu ya wazi. Filamu ilitoka mwaka 1988, na hadithi ya picha haikukamilika hadi 1990. Otomo alilazimika kuitafutia filamu mwisho wake kabla hajamaliza kitabu, na kuzibana kurasa nyingi mno katika saa mbili na dakika nne. Akira mwenyewe, ambaye kitabuni ni mtoto anayetembea na kuonekana, kwenye filamu ni mabaki tu ndani ya chupa za maabara.

Mimi nilipata faida katika hilo. Marudio ya kwanza nilimfuata Kaneda. Baadaye nikamfuata Tetsuo, kisha wale watoto watatu, kisha mji. Nilipokisoma kitabu niliona kwamba filamu na kitabu ni kazi mbili zinazosaidiana, na kila moja inasimama kwa miguu yake. Mtazamaji mpya asione aibu kusema hajaelewa. Airudie.

9. Ukishaingia, tembea nyumba nzima

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Akira ndiyo iliyowaonyesha watazamaji wengi wa Marekani na Ulaya kwamba katuni ya Kijapani inaweza kubeba mawazo ya watu wazima. Alama zake ziko kila mahali. Lile tukio la Kaneda kuitelezesha pikipiki kiubavu na kuisimamisha limeigwa na wasanii wengi, Jordan Peele akiwamo katika filamu yake Nope ya 2022. Lakini Akira peke yake haitoshi kuijua sanaa hii.

Baada yake mimi nilikwenda kwenye Ghost in the Shell ya Mamoru Oshii ya 1995, inayouliza nafsi inakaa wapi mwili ukiwa mashine. Nikaona Perfect Blue ya 1997, ya Satoshi Kon, kijana aliyewahi kufanya kazi na Otomo na aliyefariki mwaka 2010 akiwa bado na mengi ya kutupa. Nikaona Barefoot Gen ya 1983, inayotokana na kazi ya Keiji Nakazawa aliyenusurika Hiroshima akiwa mtoto. Hiyo inaonyesha kwa karibu kile ambacho Akira inakionyesha kutoka angani. Kisha Grave of the Fireflies ya Isao Takahata, kisa cha kaka na dada wakati wa mabomu ya moto, iliyotoka Aprili 1988 pamoja na My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki, siku moja, kwenye maonyesho yaleyale. Mwaka uliotoa Akira ulitoa pia Totoro. Sanaa iliyo hai ina nafasi ya giza na nafasi ya mwanga, na anayependa moja hana sababu ya kuikimbia nyingine.

10. Zamu yetu imekwisha kufika

Funzo la mwisho linahusu nyumbani. Ubongo Kids ilianza Dar es Salaam mwaka 2014 na imewafundisha watoto hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo. Julai 2023 ulitoka mkusanyiko wa filamu fupi kumi za Kiafrika uitwao kwa Kiswahili, Kizazi Moto, ukiwa na Enkai ya Ng'endo Mukii wa Kenya na Herderboy ya Raymond Malinga wa Uganda, hadithi za kesho zilizochorwa kwa macho ya hapa. Mikono ipo na hadithi zipo.

Kilichowawezesha Wajapani kutengeneza Akira ni kwamba walithubutu kuchora kile kilichowaumiza, wakakichora kwa uangalifu, kwa ajili ya watu wazima, bila kuomba radhi. Sisi tuna Maji Maji, tuna njia za misafara ya utumwa kutoka bara hadi Bagamoyo, tuna Shinkolobwe. Hayo si mambo ya kuachiwa vitabu vya mitihani peke yake.

Kwa hiyo msomaji, itafute Akira uitazame usiku, sauti ikiwa juu, ukiwa na mtu wa kuzungumza naye baadaye. Na wewe unayechora kwenye daftari la shule, kwenye simu au kwenye kompyuta ya kuazima, usisubiri ruhusa ya mtu. Chagua jeraha moja la kwenu unalolijua vizuri, uulize wazee, kisha uanze kuchora.